Bethidei ya Mirihi kwa bei ya wenzangu na mimi

Kuna swali moja ambalo siku hizi linavunja amani ya nyumba nyingi za vijana wenzangu kuliko hata simu inayoita saa sita za usiku: bethidei ya mtoto itafanyika wapi, na kwa shilingi ngapi? Zamani mtoto alipikiwa pilau, akamwagiwa maji na wenzake, siku ikaisha. Leo kuna mpambaji, kuna mpiga picha, kuna MC, kuna jumba la upepo la kurukia, na zaidi ya yote kuna wazazi wengine ambao watakuja kuangalia ulichofanya. Si unajua tena.

Mimi na mwenzangu tuna watoto wawili na mishahara miwili ya kawaida. Tulihama Dar es Salaam kituo chake cha kazi kilipohamishiwa Masasi. Nami nikabeba kompyuta yangu na kazi yangu ya uhariri nikamfuata, maana kalamu haina kituo. Mwaka huu kijana wetu mkubwa alikuwa anatimiza miaka 8 mwezi Juni, na alikuwa na homa moja tu: anga. Maroboti, vyombo vinavyopaa, viumbe wa sayari nyingine. Akatamka bila kupepesa macho kwamba anataka bethidei ya angani.

Sasa, ukiishi huku kusini utajifunza haraka sana kalenda ya hela. Minada ya korosho huanza kuchangamka kuanzia Oktoba, na hapo kila mtu anacheka. Juni ni habari nyingine. Ni mwezi wa kuhangaikia salfa ya kupulizia mikorosho isishikwe na ubwiriunga, kwa hiyo hela inatoka tu, haiingii. Hata sisi wa mishahara tunaguswa, kwa sababu ndugu wenye mashamba wanajua namba zetu za simu kwa kichwa.

LAKI SABA NA THEMANINI

Mpambaji mmoja wa mjini alituandikia makadirio mazuri kweli kweli: maputo ya rangi ya fedha, bango lenye picha ya mtoto ndani ya kofia ya mwanaanga, keki ya ghorofa tatu, viti 60 vyenye vitambaa, muziki. Jumla 780,000. Nikaisoma ile karatasi mara mbili nikidhani kuna sifuri iliyoingia kwa bahati mbaya.

Mume wangu hakushtuka. Alikuwa ameshaipigia hesabu. Kuna mtu anakopesha, akasema, unamwachia kadi ya benki, anakupa laki tano leo, mwisho wa mwezi anachukua laki sita na nusu. Wenyewe mnaijua hiyo mikopo. Mtaani inaitwa kausha damu, na jina hilo halikutungwa na mtu aliyekuwa anatania.

"Mama watoto," akaniambia, "mwaka jana tulikula bethidei za watoto wa watu karibu nne. Mwaka huu tuwaambie nini?"

"Tuwaambie karibuni," nikamjibu. "Bethidei ni ya saa nne. Deni hilo tutakaa nalo mpaka Krismasi."

Tulinuniana siku mbili. Naandika hivi bila haya kwa sababu najua hatuko peke yetu. Wanaume wengi hawasemi, lakini sherehe ya mtoto kwao ni kama shahada: inaonyesha kwamba baba anaweza. Ukimkatalia kwa kumwambia "hatuna hela," anachosikia ni "huna uwezo." Niliona kwamba nikishinda ugomvi ule kwa hesabu peke yake ningekuwa nimeokoa fedha na kumuumiza mtu. Ilibidi nije na wazo ambalo yeye mwenyewe angekuwa na kazi ndani yake.

Na kulikuwa na jambo jingine lililoninyima usingizi kuliko hela. Jumapili moja nilimsikia kijana wetu barazani akiwasimulia rafiki zake watatu wa shule kuhusu Newala, kwa mama mkwe wangu. "Kwa bibi hakuna kitu," akasema. "Ni shamba tu. Hata maji shida." Alisema kama mtu anayeomba radhi kwa kuwa na bibi. Mtoto wa miaka saba, tayari anaona aibu kwao.

WAZO LILIPOTOKA

Miaka kadhaa iliyopita niliangalia filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu inayoitwa Pumzi, ya mwaka 2009. Ina dakika kama ishirini tu. Inaonyesha Afrika Mashariki ya siku zijazo ambako nchi imekauka, watu wamejifungia ndani, na hata jasho linakusanywa lisafishwe linyweke. Si ya watoto wadogo, lakini usiku ule wa pili wa kununiana ilinirudia akilini. Nikawaza: mahali pakavu, udongo mwekundu, upepo wa baridi, kila tone la maji lina thamani. Jamani, si Newala hiyo?

Kwa wasiopajua, Newala imekaa juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Masasi yetu iko chini, katikati ya vilima vya mawe makubwa kama Mtandi. Kule juu hakuna mito. Maji ya mvua yanazama ardhini moja kwa moja. Ndiyo maana maji ya bomba ya uwanda ule husukumwa kwa mashine kutoka chini bondeni Mitema. Pembezoni mwa mji kuna Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla na unabaki unaangalia bonde refu kuelekea upande wa Mto Ruvuma na Msumbiji. Mtoto anayetaka kuona sayari nyingine, umpeleke wapi zaidi ya hapo?

Nikamwamsha baba watoto saa tano usiku. "Bethidei inafanyika Mirihi," nikamwambia. "Mirihi iko kwa mama yako. Wewe ndiye injinia wa roketi." Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Roketi ya nini?" Nikajua ameingia.

Asubuhi nikampigia mama mkwe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, wajukuu wangu hawajambo?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema uwanja upo, kuku wapo, mihogo ipo. Hiyo Mirihi mje nayo wenyewe.

MABOKSI, VIROBA NA MACHO YA MPINGO

Wiki mbili kabla, tulianza kukusanya. Wenye maduka ya Masasi walitupa maboksi bure, tukatengeneza maroboti na mitambo ya kituo cha anga. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo na maji. Viroba vyeupe vya unga wa ngano, ukivifua, ukavigeuza ndani nje na kutoboa mahali pa kichwa na mikono, ni magwanda ya wanaanga kabisa. Ongeza karatasi ya kung'aa kidogo kifuani na jina la mtoto kwa rangi. Angalizo kwa walioko mikoa ya korosho: mifuko ya salfa msiiguse hata kama ni mizuri kiasi gani. Ule unga unawasha macho na kifua, na mtoto hapaswi kuvaa mfuko wake.

Shemeji yangu mdogo akaja na wazo la kuazima kinyago cha mapiko ili mtu mmoja awe kiumbe wa sayari nyingine. Mama mkwe akalikata palepale. "Lipiko lina wenyewe na lina siku yake. Si la kuchezea bethidei." Likaisha. Na mimi nawashauri, mkitaka kupamba sherehe kwa vitu vya kwenu, muulizeni kwanza mtu mzima wa hapo. Kuna vya kuchezea na kuna vya heshima.

Badala yake mama akaingia ndani akatoka na kinyago kidogo cha mpingo kilichokaa kabatini miaka mingi. Ni cha mtindo wa shetani: jicho moja kubwa, mguu unaotokea begani, mdomo umejikunja kama moshi. Mtindo huo wa Wamakonde ulipata umaarufu kuanzia miaka ya 1950, na jina linalotajwa sana kwenye mwanzo wake ni la mchongaji Samaki Likankoa. Kijana wangu alikishika akakizungusha. "Bibi, hiki ni cha sinema gani?" "Cha babu yako," akajibiwa. Watoto wote wakapewa karatasi wachore viumbe wao kwa kukiangalia kile. Hakuna hata mmoja aliyechora kiumbe wa katuni.

SIKU YENYEWE

Tulichagua Jumamosi ambayo mwezi ulikuwa bado mwembamba, ili usiku uwe giza na nyota zionekane. Tuliazima Noah ya rafiki, tukawapakia wale marafiki watatu wa Masasi kwa ruhusa ya wazazi wao, tukapanda. Newala walikuwa wanatusubiri binamu na watoto wa majirani kumi. Ukimjumlisha mwenye bethidei, wanaanga 14.

Mchana tulianza na jua. Baba yao alitoboa kadibodi tundu dogo kwa sindano, akaielekeza juani, na chini kwenye karatasi nyeupe likaonekana duara dogo la jua. Kisha akawasimulia tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kama saa sita mchana. Kilele cha kupatwa kule duniani kote kilikuwa huku kwetu kusini, magharibi ya Masasi kuelekea Tunduru, na wengi wanakumbuka watu walivyomiminika Rujewa, Mbeya, kuona pete ya jua. Yeye alikuwa hapo hapo nyumbani kwao. Chini ya mkorosho, akasema, kila tundu la mwanga lililopita kwenye majani lilikuwa limegeuka hilali, mamia ya hilali yametandikwa kwenye udongo. Watoto wote wakainama kuangalia chini ya ule mkorosho kana kwamba zilikuwa bado zipo.

Mchezo wa pili ulikuwa wa maji. Kituo cha Mirihi kina kiu: kila timu inatoa maji "bondeni" na kuyapandisha kwa kikombe mpaka kwenye ndoo ya kituo, na anayemwaga anarudi mwanzo. Maji yatakayopatikana ndiyo yatakayorusha roketi, na hakuna mengine. Mtoto mmoja wa Masasi akalalamika kwamba huo mchezo ni mgumu.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka anamenya mihogo. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba yeye mchezo huo alicheza utoto wake wote. Wakaanza kumsogelea. Akawaambia walivyokuwa wanaamka kabla ya majogoo, wasichana na mama zao, wanateremka ukingo wa mlima na mitungi kufuata maji bondeni, wanapanda nayo kichwani na kufika nyumbani jua limeshakuwa kali. Mtungi ukivunjika njiani, siku imepotea. Maji ya kunawia uso yalitumika tena kwa kazi nyingine. "Sasa hiyo nchi yenu ya juu," akamaliza, "mkifika, msinawe ovyo."

Kukawa kimya. Kisha rafiki wa Masasi, yule yule aliyelalamika, akamgeukia kijana wangu: "Kumbe bibi yako alikuwa mwanaanga?" Kijana wangu akajibu, kifua mbele, "Ndiyo. Kabla yetu."

Nilijifanya nina kazi jikoni.

ROKETI, KEKI NA NYOTA

Roketi ni chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Weka maji theluthi moja. Mdomoni ziba kwa kizibo cha mpira kilichopitishwa valvu ya tyubu kuukuu ya baiskeli. Fundi baiskeli yeyote atakufanyia. Igeuze mdomo chini kwenye kitako cha matofali, unganisha pampu ya baiskeli, jaza upepo. Hewa iliyobanwa inasukuma maji yatoke chini, na maji yakitoka kwa kasi yanaisukuma chupa juu. Kanuni ndiyo hiyo hiyo inayorusha roketi kubwa. Pampu inashikwa na mtu mzima tu, watoto wanarudi hatua kumi, na hakuna wa kuinamia chupa iliyokataa kuruka. Baba watoto alipampu, wakahesabu kutoka kumi kurudi nyuma, na chupa ikapita juu ya mkorosho huku imewamwagia maji wote. Mume wangu alipiga kelele kuliko watoto. Ile laki tano ya mkopo hakuna aliyeikumbuka.

Keki niliioka mwenyewe kwa sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, nikaipaka rangi nyekundu ya mapishi. Mishumaa iligawanyika: 8 upande mmoja, 4 upande wa pili. Mwaka wa Mirihi una siku 687 za kwetu, kwa hiyo mtoto wa miaka 8 duniani, kule ana miaka 4 na kidogo. Alikataa katakata kuwa na miaka minne, lakini mishumaa yote aliipuliza.

Jioni tulipozunguka moto, nikatoa maswali ya zawadi. Kituo gani visiwani Zanzibar kilisaidia kufuatilia chombo cha John Glenn mwaka 1962? Tunguu, Wamarekani walikuwa nacho pale mpaka kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Ni setilaiti gani yenye jina la Kiswahili iliyorushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi? Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Na yule ofisa wa mawasiliano wa chombo katika Star Trek, iliyoanza mwaka 1966, Uhura aliyeigizwa na Nichelle Nichols, jina lake limetoka wapi? Wakajibu kwa pamoja. Nikawaongezea kwamba Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda angani mwaka 1992, amesema mwenyewe kwamba Uhura alimtia moyo alipokuwa mtoto. Binti mmoja wa jirani akasogea karibu zaidi na moto na kuniuliza alisomea nini. Udaktari na uhandisi, nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayeandika.

Baadaye tukazima taa zote. Baridi ya Juni ya Newala si ya mchezo, kwa hiyo tulijifunika makhanga na mablanketi. Msalaba wa Kusini ulikuwa umesimama wazi, na Nge alikuwa anapanda mashariki na mkia wake. Dar es Salaam taa haziwezi kukuachia anga kama lile.

HESABU HADHARANI

Najua wengine mmeruka mpaka hapa, na sina kinyongo. Vifaa vya keki 23,000. Mchele kilo tano 12,500. Mafuta 6,000. Ukwaju na ubuyu wa juisi 5,000. Karanga 6,000. Rangi na karatasi za kung'aa 9,000. Bahasha za kaki na pipi za kuondokea 4,500. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na bahasha iliyochorwa nyota na mtoto inapendeza zaidi. Valvu na kizibo 1,000. Mafuta ya gari kwenda na kurudi 45,000. Jumla 112,000. Kuku, mihogo na ming'oko vilikuwa mchango wa bibi, nasi tulimwachia sukari na sabuni kama inavyotakiwa.

Kama na ninyi mna sherehe inayokuja, mkae wawili na karatasi kabla ya kumwita mpambaji. Ulizaneni kwanza mtoto anapenda nini, si watu watasema nini. Mpeni kila mzazi kazi inayoonekana, maana baba aliyetengeneza roketi hahitaji mkopo ili aonekane baba. Na mtazame kwenu kuna nini ambacho mtoto hajakiona: mlima, ziwa, karakana ya mjomba, simulizi za nyanya. Kijana wangu ameshaniambia mwakani anataka Zohali, ile sayari yenye pete. Bibi yake amesema sawa, lakini safari hiyo maji watateka wao.